Mnatumia ramani gani kutafuta sehemu za kijani za kutembea, Dar na nje kidogo?

mkazi_wa_segerea
Wakuu habari za wikiendi. Mimi na wenzangu wa kazini tumeanza kutembea kwa miguu jumapili asubuhi, Coco Beach tumeichoka maana jua likishapanda hamna pa kujificha, sasa tunataka miti na vivuli vya ukweli. Shida nikifungua Google Maps naona kijani kibao, nikikifuata naishia kwenye ukuta wenye waya au mlinzi ananiuliza we unamtafuta nani. Halafu ukitoka nje ya mji kama Kisarawe huko ni kijani mwanzo mwisho hamna hata kanjia. Nyie mnafanyaje? Na bila bando inakubali? Tunaye mama mmoja mtu mzima, vilima vikali hawezi, msitutupe mlimani tafadhali.

chora_njia
Mkuu kijani cha ramani kinakwambia kuna miti au nyasi, hakikwambii kama unaruhusiwa kuingia. uwanja wa gofu wa Gymkhana kijani, kambi ya jeshi kijani, mikoko kijani, Jangwani nako kijani na masika ni maji matupu.

Mi natumia Organic Maps, saa nyingine OsmAnd, zote zinachota OpenStreetMap ambayo inachorwa na watu wenyewe. Kwa Dar imeshiba kuliko mnavyodhani, kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu vya UDSM na Ardhi pamoja na wakazi wa mitaa wakapita kata zinazofurika wakichora nyumba, mitaro na vichochoro, lengo lilikuwa mafuriko ila wenye kufaidi ni pamoja na sisi wa miguu maana uchochoro usiopita hata bajaji umo. Vile vistari vya kukatika katika ndio njia za miguu.

Bando usiwaze. Unashusha ramani ukiwa na wifi basi, GPS ya simu inapokea kutoka satelaiti moja kwa moja, hata laini ikiwa haina mtandao kabisa kidoti chako kinasogea. Kinacholiwa ni chaji, kwa hiyo zima data, punguza mwanga na beba pawabanki.

ticha_wa_jiografia
Huyo mama ataokolewa na kontua. Kwenye hizo apu kuna sehemu ya kuwasha mistari ya mwinuko, ikibanana ujue mteremko mkali, ikiachana ni tambarare, mchague njia inayokwenda sambamba na mstari badala ya kuikata. Mliokimbia somo la ramani form four ndio leo mnalihitaji hahaha, zile karatasi za ramani za 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1. Barabara za kwenye hizo karatasi nyingi zimepitwa na wakati ila mabonde na vilima viko palepale.

Muda pigeni hivi, kilomita 5 kwa saa, halafu kila mita 100 za kupanda ongezeni dakika 10. Hesabu hiyo ilitungwa na Mskoti, kwa joto letu la Februari ongezeni na zenu.

da_mwajuma
Mi nilisoma Uingereza, kule kuna Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, ramani zao za 1:25,000 zina vistari vya kijani vya njia za umma, ukiviona unapita hata katikati ya shamba la mtu na sheria iko upande wako. Tena wana ramani ya bustani na viwanja vya mijini yenye alama za sehemu za kuingilia, mtu unaanzia kwenye mlango kabisa. Huku kwetu mlango inabidi uutafute mwenyewe. Fungua picha ya satelaiti, fuata kanjia kekundu ka vumbi mpaka kanapogusa miti, hapo ndio watu wanaingilia. Ukifika uliza wenyeji, salamu kwanza jamani, mtu unamrukia na simu mkononi atakuona mpima viwanja umekuja kumuuzia eneo lake.

kijana_wa_kisarawe
Nendeni Pugu Kazimzumbwi, msitu uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, mnalipia na mnaomba muongozaji. Daladala mpaka Gongo la Mboto, pale kuna gari za Kisarawe. Kuna mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini yamejaa popo, na usiku kuna komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote duniani, yuko gramu 60 hivi. Mwambieni muongozaji mapema kuhusu mama awape njia fupi.

Pande ni pori la akiba chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, msijiingilie kienyeji. Mjini anzeni na Mlimani UDSM, kivuli kipo ila ficheni ndizi tumbili wa pale hawana adabu. Bustani ya mimea pale Samora jirani na Makumbusho ni ya tangu 1893, miti mizuri lakini dakika kumi umeimaliza.

mzee_wa_angalizo
Mmesahau vibaka. Usitembee mtaani umekodolea simu, angalia kona mbili tatu mbele, itie mfukoni.

mkazi_wa_segerea
Nimewapata wakuu, tunaanza na Mlimani kisha Pugu. Swali la mwisho, tukirekodi njia tuliyopita tunaiwekaje na wengine waione?

chora_njia
OsmAnd inarekodi, unapata faili la GPX, yaani mstari wa njia mliyopita. Fungua akaunti OpenStreetMap, lipandishe, chora njia juu yake. Ila msinakili kutoka Google, leseni hairuhusu na wakigundua wanafuta. Kama njia inapita uani kwa mtu muulizeni kwanza kabla hamjaianika, na majina wekeni yale wenyeji wanayoita.