Naomba ushauri: alama za pundamilia kwa watoto wa shule, Buhongwa

Habari zenu wakuu. Naishi Buhongwa, karibu na barabara kuu ya Mwanza–Shinyanga. Mtaa umejaa haraka mno, kila ukipita kuna fremu mpya. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kusubiri pantoni, jambo jema sana, ila magari ya Sengerema na Geita yanapita kwetu mfululizo.

Shida ni watoto wa shule. Asubuhi wanasimama ukingoni kwa makundi, wakubwa wamewashika wadogo mikono. Daladala ikisimama kushusha abiria wanakatiza mbele yake, huku bodaboda zinaipita kwa kulia bila kuwaona. Kwa kweli naogopa.

Tumemweleza mwenyekiti wa mtaa, akatuelekeza ofisi ya kata. Huko tukaambiwa barabara kuu haiko chini yao.

Naomba kujua: barua ya kuomba pundamilia na matuta tuipeleke moja kwa moja TANROADS (wakala wa barabara kuu) mkoa, au ni lazima ianzie halmashauri? Na mliofanikiwa kwenu, iwe Igoma, Kisesa au kwingineko, mliambatanisha nini: picha, saini za wazazi, au muhtasari wa kikao cha mtaa?