Hewa inayopoza injini ikitanuka, inasukuma ndege au inaleta shida tu?

mpenda_mbawa: Wakuu naomba mnisaidie hapa. Nimesoma kwamba P-51 Mustang, ile ndege ya kivita ya vita vya pili vya dunia, rejeta yake iliyokaa chini ya tumbo ilikuwa inachangia msukumo, eti hewa inaingia ya baridi, inapata moto, inatanuka, inachomoka nyuma kwa kasi. Sasa mbona hizi ndege ndogo, injini za kupozwa na hewa, ukibana tundu la kutokea injini inachemka? Si hewa ni ile ile?

spana13: Kutanuka ni kweli mkuu. Hewa ikiingia na nyuzi 15 ikatoka na 75, ujazo unaongezeka kama asilimia 21 (ni kelvini 288 kwenda 348, kipimo cha joto kinachoanzia sifuri kabisa) na huo ujazo wa ziada lazima upate pa kutokea. Kinachopitisha hewa kwenye mapezi ya silinda (zile kingo nyembamba za kutolea joto) ni tofauti ya presha kati ya juu na chini ya injini, basi ukibana nyuma presha ya chini inapanda na hewa inagoma kupita. Ndo maana kuna flapu za kava, yaani vifuniko vya kupanua au kubana tundu la nyuma, rubani anazifungua akiwa anapanda coz injini iko nguvu zote na ndege bado inaenda pole pole, akishatulia juu anafunga. Watu joto likizidi wanakimbilia kutanua tundu la mbele, kosa kabisa, we angalia la nyuma kwanza na vile vibati vya kuelekeza hewa kama havina mianya.

mzee_wa_propela: Naongezea kwa spana13. Moto peke yake hausukumi kitu, njia iko wazi mbele na nyuma kwa hiyo hewa inatanuka bila presha kupanda. Ili ipate nguvu lazima iwe imeshabanwa KABLA ya kupata moto, hili alilieleza mtafiti wa ndege F. W. Meredith kule Farnborough, Uingereza, 1935. Kwenye Mustang mdomo ni mdogo halafu njia inapanuka, hewa inapunguza mwendo presha inapanda, inapita kwenye rejeta taratibu ikibeba joto, ndo inabanwa nyuma inatoka mbio, ni ramujeti (injini ya jeti inayobana hewa kwa mwendo wa ndege tu) ya joto dogo tu ile. Sasa piga hesabu, kwa 640 km/h usawa wa bahari presha inayotokana na mwendo ni kama asilimia 19 ya presha ya hewa ya kawaida, kwa ndege ndogo ya 185 km/h haifiki hata asilimia 2. Hapo utabana nini?

mpenda_mbawa: Ahaa nimekupata. Kwa hiyo Mustang ilikuwa inaongezewa spidi na rejeta kweli?

mzee_wa_propela: Wanabishana mpaka kesho kuhusu hilo. Mimi nasema ilifuta sehemu kubwa ya ukinzani wa rejeta yenyewe, na hiyo si haba, ila anayekwambia ilikuwa kama injini ya pili anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Na hata hiyo ni flapu ya nyuma ya rejeta ikiwa imefungwa kiasi, injini ikipata moto sana flapu inafunguka na faida karibu yote inapotea.

spana13: Hapo kwenye flapu ndo penyewe.