Manesi wenzangu, hivi vyama vya kitaaluma vinasaidia kazini au ni kulipa ada tu?

Nesi_Majengo: Habari za jioni wakuu. Mimi ni nesi wa shahada, nipo Moshi, wodi ya watoto. Leseni ninayo, TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, wananikata kwenye mshahara. Sasa inchaji wa wodi ananisukuma nijiunge TANNA, chama cha wauguzi Tanzania, na niliyesoma naye anasema nitafute Sigma ya Wamarekani, chama cha heshima cha wauguzi, eti CV itang'aa. Nikitoa ada zote hizo na kodi ya chumba nabaki na nauli. Natamani kusoma masters. Nijiunge wapi, au nitulie?

Meku_Kibosho: Tulia. Nimefanya usaili wa serikali na wa hospitali za misheni, kadi ya chama sijawahi kuulizwa. Wanataka leseni iliyo hai, vyeti, na uweze kumhesabia mtoto matone ya dripu bila kubabaika.

SistaNjiro: Meku kasema kweli, ila nusu. Mdogo wangu, usivichanganye. Baraza la Uuguzi na Ukunga si chama. Bila leseni yake hufanyi kazi. TUGHE ni maslahi, ukionewa ndiko unakokimbilia. TANNA ndiyo ya taaluma, na faida yake haiko kwenye kadi, iko kwenye kuhudhuria. Mkutano mmoja hapa Arusha nilikaa na mama wa chumba cha upasuaji. Kwenye chai, sambusa mkononi, akaniuliza kama naweza kukusanya data, kuna mradi wa mama na mtoto unatafuta manesi. Jumatatu nikapeleka barua. Maombi yangu ya masters yalipata nguvu kwa kazi ile. Waliokaa nyuma kusubiri posho waliondoka na posho. Na ECSACON, chombo cha kitaaluma cha wauguzi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, makao yake yapo hapahapa Arusha, lakini manesi wengi hata hawajakisikia.

Mwl_Wodi: Hiyo Sigma, kwa kirefu Sigma Theta Tau, ilianzishwa 1922 na wanafunzi sita wa uuguzi kule Indiana. Haiingii kila mtu: mwanafunzi wa shahada awe ndani ya asilimia 35 ya juu darasani, na GPA 3.0 kwa kipimo chao cha 4, siyo chetu cha 5. Ukishahitimu unaingia kama muuguzi kiongozi, na lazima uonyeshe ulichofanya. Inatoa fedha za utafiti na ina majarida mazuri. Kama huna hata wazo la utafiti, hizo dola nunulia bando usome. Na barua pepe ya chama usichokijua, inakupongeza halafu inataka ulipe leo, futa.

Meku_Kibosho: Tawi moja nililokuwepo (chama sikitaji) tulichanga mwaka mzima, risiti hakuna. Ndiyo maana nasita.

SistaNjiro: Sasa kwa nini mlimpa mtu hela mkononi?

Nesi_Majengo: Asanteni sana. Naanza na TANNA, Sigma isubiri niwe na cha kuonyesha.

Mkunga_Kaloleni: Na sisi wa cheti je?

SistaNjiro: TANNA karibu, shoga. Sigma wanataka shahada. Kwa ukunga waulizie na TAMA, hicho ndicho chama cha wakunga.