Fildi ya saikolojia bila msimamizi ni kazi ya bure, na anayeumia ni mteja

Wakuu, leo sipaki maneno rangi. Sisi wanafunzi wa saikolojia hatupelekwi fildi kujifunza kazi. Tunapelekwa kujaza masaa kwenye karatasi, karatasi ipigwe muhuri, muhuri urudi chuoni, na chuo kitambe kwamba wahitimu wake wameiva kwa soko la ajira. Katika mlolongo wote huo hakuna hata mtu mmoja anayekaa kututazama tunawafanya nini binadamu tuliowekewa mbele yetu.

Kabla hamjanijia juu: sina tatizo na kutumwa fotokopi. Wala kupanga mafaili, kupokea simu, kuita majina mlangoni. Mgeni kazini huanzia huko popote pale, na mwenye macho atajifunza mengi tu mapokezi. Hasira yangu iko kwingine. Asubuhi uko kwenye fotokopi, mchana unaingizwa chumba chenye mtu anayelia, mlango unafungwa, na wewe ndiye "mtaalamu" wa siku hiyo kwa sababu mwenye chumba ana kikao.

Fomu yangu ya tathmini ninayo hapa mbele yangu. Kwenye kipengele cha uwezo wa kuwasiliana na wateja nimepewa alama ya juu kabisa. Aliyenipa hajawahi kuniona nikiongea na mteja. Ni ofisa utawala, ofisi yake iko jengo jingine, na saikolojia hajaisomea. Mtu mwema tu, alipewa fomu akajaza. Chini yake kuna sahihi ya mhadhiri aliyekuja kutukagua. Alikuja akiwa na haraka, ana vituo vingine vya kuzungukia siku hiyo hiyo, akatupanga ukumbini akauliza "changamoto zenu ni zipi?" mbele ya wenyeji wetu, sote tukajibu hakuna. Mlitegemea tuseme nini, na mkuu wa kituo amekaa pembeni?

Sasa niwaonyeshe kitu kimoja ili msidhani nalalamikia makaratasi.

Kazi yangu kwa muda mrefu ilikuwa kuingiza majibu ya madodoso ya PHQ-9 kwenye kompyuta. Waliosoma wanaijua: maswali 9 kuhusu dalili za sonona ndani ya wiki mbili zilizopita, kila swali linapewa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 na kuendelea ndipo mtu huhesabiwa kuwa na dalili za kiwango cha kati au zaidi. Pale kituoni mfumo wao ulichukua jumla tu. Nikakutana na dodoso lenye jumla ya 9. Kwa jumla hiyo dalili zake ni ndogo, linaenda kabatini. Lakini swali la 9, lile linalouliza kuhusu mawazo ya kwamba ni heri ungekufa au ya kujidhuru, lilikuwa limewekewa 3. Yaani karibu kila siku. Na wino ulikuwa umekandamizwa hadi karatasi imechubuka.

Nikauliza. Nikajibiwa "wewe ingiza jumla." Nikaenda kwa muuguzi wa zamu, mama mmoja hodari, akaliona akatoka mbio na faili. Mgonjwa akapigiwa simu, akarudi, akaonana na daktari. Siandiki haya nipigiwe makofi. Nauliza: lile rundo lililoingizwa kabla yangu na wanafunzi wa awamu zilizopita, nani alilipitia? Mwanafunzi aliyeambiwa aingize jumla akaingiza jumla kosa lake lipo wapi? Ametii. Hakuwa na msimamizi wa kumwambia kwamba kwenye dodoso hili swali la 9 linasomwa peke yake, hata jumla iwe ndogo kiasi gani. Dakika tano tu za msimamizi anayejua kazi zingetosha.

Ukilalamika unaambiwa neno moja: jiongeze. Fildi ni kujiongeza, mbona wenzako wanajiongeza, kizazi hiki mnataka kutafuniwa. Jamani, kwenye taaluma hii kujiongeza ndiko tunakokatazwa! Mwanafunzi wa ufundi magari akijiongeza vibaya injini itagoma na bosi wake ataisikia hapo hapo. Mtu aliyepewa ushauri mbovu hagomi. Anaitikia, anakushukuru, anaondoka, harudi, na kwenye kitabu chako cha kumbukumbu unaandika "mteja ameendelea vizuri".

Kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambazo tunakaririshwa darasani na kwenye mtihani zinatoka, hazina utata hapa. Kanuni ya 2.05 inasema ukimkabidhi mtu kazi, umkabidhi ile tu anayoweza kuifanya kwa elimu na mafunzo aliyonayo, kisha uhakikishe anaifanya ipasavyo. Ya 7.06 inataka utaratibu wa kumpa mwanafunzi mrejesho uwe mahususi na wa wakati, na aelezwe utaratibu huo tangu mwanzo. Ya 10.01 inataka mteja aambiwe kama anayemhudumia bado yuko mafunzoni, na apewe jina la msimamizi anayebeba dhamana ya kisheria. Sasa linganisheni na utambulisho niliofanyiwa mimi: "Huyu ni mtaalamu wetu mpya." Mteja akaniita daktari. Nilipomweleza kwamba mimi ni mwanafunzi, aliyenitambulisha alinuna siku nzima.

Tena hili la mwanafunzi kusimamiwa si jambo la kisasa la kusema tunaletewa. Mwanasaikolojia Mmarekani Lightner Witmer alifungua kliniki ya saikolojia Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896, na wanafunzi walijifunzia kwenye kesi zenyewe naye akiwepo. Mwaka 1949 Wamarekani walikutana Boulder, Colorado, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia wa kliniki afundwe kuwa mtafiti na mtendaji kwa pamoja, na ndani yake kuwe na mwaka mzima wa kufanya kazi chini ya usimamizi. Chini ya usimamizi, wakuu. Uingereza anayesomea saikolojia ya kliniki anafanya udaktari wa miaka 3, sehemu kubwa ya muda huo yuko kazini na msimamizi wake, na analipwa mshahara na huduma ya afya ya taifa. Mtaniambia hiyo ni ngazi ya juu, sisi ni shahada ya kwanza tu. Sawa kabisa. Basi kama mwenye shahada tayari anahitaji mtu wa kumtazama kwa miaka 3, kwa nini mimi ambaye hata shahada sijamaliza naachwa na mteja peke yangu?

Waliopelekwa idara za rasilimali watu nao wana yao. Mwenzangu alipewa dodoso la haiba lililopakuliwa mtandaoni, halina mwongozo wala viwango vya kulinganishia, akaambiwa awapime waombaji wa kazi. Watu wakakatwa kwenye mchujo kwa kipimo ambacho hakuna pale ofisini aliyeweza kueleza kinapima nini. Akihoji, anaambiwa "si ndiyo mlichosomea?"

Na aliyepangiwa kituo cha watoto waliofanyiwa ukatili, yeye alikuwa anarudi hostel haongei. Mwaka 1990 wanasaikolojia McCann na Pearlman waliandika juu ya hali hii, jinsi mhudumu anavyojeruhika mwenyewe kwa kusikiliza maumivu ya wengine siku nenda rudi. Tumeisoma, tumeijibia maswali. Hakuna aliyemuuliza yule binti hata mara moja, "wewe mwenyewe uko vipi?"

Halafu ripoti. Ripoti nyingi za fildi zinazokusanywa ni za kurithi, dada kampa mdogo wake wa kichuo, mdogo kabadilisha jina la kituo. Wahadhiri wanajua, maana sentensi ni zile zile na hata makosa ya tahajia ni yale yale. Na sisi ada ya muhula tumelipa kamili. Nauli juu yetu, chakula juu yetu, kazi ya kituo tumefanya. Ningependa mtu wa fedha anieleze tulicholipia.

Fildi nzuri ipo, nisije nikaonekana mlalamishi wa kila kitu. Rafiki yangu alipangiwa shule, akapata mshauri wa wanafunzi anayeijua kazi. Mwanzoni alikaa pembeni tu akisikiliza, kwa ridhaa ya mtoto na mzazi. Baadaye wakabadilishana, yeye anaongea, mshauri yuko pembeni. Kila baada ya mazungumzo aliandika mtoto alisema nini, yeye akajibu nini, na ni wapi alipokosa cha kusema. Mara moja kwa wiki walifunga mlango wakapitia yale maandishi mstari kwa mstari. "Hapa kwa nini ulikimbilia kumpa ushauri? Alikuwa hajamaliza." Masaa yake na wateja yalikuwa machache kuliko yangu mimi. Lakini kwenye usaili wa kazi alipoulizwa aeleze kesi moja na jinsi alivyofikia uamuzi, alieleza. Mimi nina muhuri mzuri sana.

Kwa hiyo chuo kisiniambie vituo ni vichache, tuchukue vilivyopo. Kituo kisicho na mtu wa taaluma hii wa kutusimamia kisipokee mwanafunzi wa kuonana na wateja, basi. Apokelewe apange mafaili na ijulikane hivyo, iandikwe hivyo. Masaa ya kusimamiwa yahesabiwe peke yake kwenye fomu, si yale ya kuwepo jengoni tu. Na sisi tupewe fomu ya kukipima kituo, iende chuoni moja kwa moja. Hakuna hata moja hapo linalohitaji bajeti kubwa, na kama linahitaji, ada zetu ziko wapi?

NYONGEZA: Naona wengi mnaniuliza mbona sikulalamika nikiwa bado huko. Fomu ya malalamiko ipo, nimeisoma. Inapitishwa na anayeitwa msimamizi wa kituo, kwangu mimi ni yule yule ofisa utawala, anaitia sahihi, ndipo inaenda chuoni. Msimamizi huyo huyo ndiye anayejaza alama. Jiulizeni nyie mngeijaza.

NYONGEZA 2: Kwa aliyesema nichague kituo kizuri mwenyewe, mkuu, vituo vyenye wasimamizi wa kweli watu huingia kwa kujuana. Barua yangu ya utambulisho nimeipeleka kwingi, nyingine nadhani bado iko kwenye trei ya mapokezi.

Humu ndani najua mko wenye vituo na wakuu wa idara, maana mnasomaga kimya kimya. Mwanafunzi wenu wa saikolojia aliyepo sasa hivi anasimamiwa na nani, na mtu huyo kasomea nini? Jibuni hapa hapa chini.