Tabora tunasafirisha ng'ombe hadi Pugu, kwa nini baga zetu ni unga na barafu?

Wakuu, nimevumilia sana, leo nasema. Jana usiku nimelipa shilingi elfu tisa kwenye mgahawa mmoja hapa mjini, jina naliacha. Nikaletewa skonzi kavu ambayo haikupitishwa hata kwenye kikaango. Nikaifunua mbele ya mhudumu. Ndani kuna kipande chembamba cha rangi ya kijivu, kinanuka mafuta ya chipsi, na juu yake jibini imelala baridi bila kuyeyuka. Nilipokibonyeza kwa uma hakikutoa hata tone la mchuzi, kikameguka kama andazi la juzi. Nikamuuliza yule kijana, hii nyama mmesaga lini? Akanijibu kwa upole kabisa, "Sisi hatusagi bosi, zinakuja zimegandishwa kutoka Dar."

Kutoka Dar! Mkoa huu una Igunga, una Nzega, una Uyui. Ng'ombe wanapakiwa huku kwenye malori kupelekwa mnada wa Pugu, huko huko Dar, halafu sisi tuliobaki tunarudishiwa nyama ikiwa barafu, imechanganywa unga na chenga za mkate, tena kwa bei ya kuumiza. Na bucha iko mita chache tu kutoka kwenye huo mgahawa, nyama inaning'inia tangu alfajiri. Hii inaniuma, sifichi.

Huyo kijana simlaumu, yeye kaajiriwa. Nawalaumu wenye migahawa, maana nimeshaongea na baadhi yao na jibu lao ni lile lile: eti nyama ya huku ngumu, haifai kwa baga. Hapo ndipo hasira inanipanda zaidi. Ni kweli ng'ombe wetu anatembea mbali kutafuta malisho na maji, nyama yake imekaza na haina mafuta mengi. Lakini kusaga ndiyo dawa ya nyama iliyokaza! Mashine inakata zile nyuzi, meno yako hayana kazi tena. Kinachobaki ni mafuta, na ng'ombe wetu kabeba mafuta yake mgongoni. Nundu! Chukua kifua au paja sehemu nne, nundu sehemu moja, saga pamoja, basi. Hapo huhitaji yai wala unga wa kushikiza.

Msiniambie nasema ya kufikirika. Kuna mama mmoja uchochoroni kule Isevya, jioni anauza chipsi na mishikaki, meza yake haina hata kibao. Ukimwagiza baga anakwambia subiri. Ana mashine ya kusagia ya mkono, ile ya kufunga kwenye ukingo wa meza. Anasaga nyama ya siku ile ile, anafinyanga donge bila kulikanda sana, analiweka kwenye kikaango cha chapati kilichoshika moto hasa, anarundika juu vitunguu alivyokata vyembamba hadi vinaonyesha upande wa pili, kisha anakandamiza mara moja kwa mwiko wa bati na kuliacha. Haligusi! Chumvi ananyunyizia pale pale kwenye kikaango, haichanganyi mapema, maana ukichanganya chumvi mapema nyama inakazana na kuwa kama ya soseji. Kingo zikishakuwa kahawia na kukauka anageuza, vitunguu vinabaki chini vinaiva kwenye mafuta ya nyama. Skonzi anaifunika juu ipate mvuke. Nilimuuliza kwa nini vitunguu vingi hivyo, akasema nyama imepanda bei, kitunguu kinaongeza ujazo na mteja anashiba.

Sasa sikilizeni. Marekani kuna mji mdogo unaitwa El Reno, jimbo la Oklahoma, ni mji wa reli kama Tabora. Miaka ya 1920 maisha yalikuwa magumu kule, ni enzi za ule mgomo mkubwa wa mafundi wa reli wa 1922, na wauza chakula wakafanya hivi hivi: nyama kidogo, vitunguu vingi, kandamiza kwenye chuma cha moto. Leo watu wanaendesha gari umbali mrefu kwenda kula hiyo baga kwenye vijumba vyenye viti vichache vya kaunta. Kimoja, Robert's Grill, kipo tangu 1926. Walitumia walichokuwa nacho. Sisi reli ilifika hapa 1912, ng'ombe walikuwepo kabla ya reli, tunashindwa nini?

Na ninyi mnaosifia machimbo humu, yaani sehemu za kula, nina kesi nanyi pia. Mtu anaandika "chimbo hatari la baga", unapanda bodaboda kutoka Kiloleni hadi Ipuli usiku, unakuta taa za rangi, ukuta wa kupigia picha, muziki mkubwa, na jikoni kuna tanuri la maikrowevu tu. Mnasifia viti! Yule mama wa Isevya hakuna aliyewahi kumwandika. Msipomtaja, siku moja atarudi kwenye chipsi mayai peke yake, kwa sababu nyama ya kusaga hailali. Isipoisha siku ile ni hasara yake.

Jambo la afya nalo mlisikie. Kipande kizima cha nyama vijidudu hukaa juu, moto unavimaliza. Ukisaga, vya juu vinaingia ndani, ndiyo maana nyama ya kusaga inatakiwa iive mpaka katikati, nyuzi joto 71 za Selsiasi. Sasa hizo zilizogandishwa, umeme unakatika, jokofu linayeyuka, umeme unarudi, zinaganda upya, na wewe hujui zimeyeyuka mara ngapi. Nimeona kwa macho yangu katoni limelowa maji chini. Kuna watu wanawalisha watoto wao kitu hicho siku ya sikukuu.

Wenye migahawa, mashine ya kusagia ya mkono si mtaji wa kuwashinda. Bucha nyingi siku hizi zinakusagia hapo hapo ukiomba. Andikeni ukutani nyama imesagwa leo, na mteja akitaka kuiona mbichi muonyesheni.

Wadau wa Tabora, kama unajua mahali wanaposaga wenyewe, iwe Ng'ambo, Cheyo, Chemchem au barabara ya kwenda Nzega, weka hapa chini: mtaa, saa wanazofungua, bei, na umeona nyama ikisagwa au hukuona. Kama hujala mwenyewe, usiandike.