Barua kwa hakimu kesi ikiwa bado inaendelea: ipokelewe au irudishwe dirishani?

Mwanzisha mada, Mtwara Mjini

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Mshtakiwa au ndugu yake akimwandikia hakimu barua wakati kesi ya jinai inaendelea, barua ipokelewe au arudishiwe palepale dirishani?

Suala limezuka kwenye kikundi chetu cha wasaidizi wa kisheria. Mama mmoja wa wilaya ya Masasi alipeleka barua masjala ya mahakama, karani akaisoma mistari miwili akamrudishia. Niliishika hiyo barua. Karatasi ya katikati ya daftari, tundu za pini bado zinaonekana, mwandiko wa mtoto wa shule aliyekuwa akiandikishwa. Juu: "YAH: MWANANGU KUKAA MAHABUSU MUDA MREFU." Chini yake: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Mwishoni dole gumba la wino wa bluu.

Kijana ana shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha, halina dhamana. Kila baada ya siku 14 analetwa, upande wa Jamhuri unasema upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Mama hakuomba mwanawe aachiwe. Aliomba hakimu aulize upelelezi umefika wapi, na kwamba dawa zake za kifafa zimfikie gerezani. Jibu alilopewa: "Mama, barua siyo maombi. Kama kuna hoja, wakili wenu ailete." Wakili yupi? Kwenye kesi ya mauaji Serikali humlipia mshtakiwa wakili. Huyu akitiwa hatiani anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, na anasimama kizimbani peke yake.

Msimamo wangu: ipokelewe. Igongwe muhuri, iingie kwenye jalada, nakala apewe wakili wa Serikali, na tarehe inayofuata isomwe kwa sauti mbele ya wote. Kinachoharibu haki ni barua ambayo upande mmoja hauijui. Ikishasomwa hadharani, ni sawasawa na mshtakiwa kunyoosha mkono na kusema, "Mheshimiwa, nina ombi," na hilo hakuna hakimu anayelikataza. Ibara ya 107A ya Katiba inataka mahakama isicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na isifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Halafu tusisahau, mahakama hizihizi hazimpokei mdhamini bila barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Barua ya mtendaji ni halali, ya mama ndiyo haramu?

Wakili, Mtwara Mjini

Kaka, unaongea kwa huruma, nami huruma ninayo. Lakini umeruka jambo kubwa. Maombi ya maandishi huja na hati ya kiapo. Anayeapa anajua akidanganya anaweza kushtakiwa, na upande wa pili unajibu kwa kiapo vilevile. Barua haina kiapo. Anayeandika anaandika anachotaka: "mtaa mzima unajua ni yeye", "shahidi wa pili ni mlevi", "familia hii ni wachawi". Hakimu akishayasoma, utayatoaje kichwani mwake? Ushahidi unatolewa kizimbani, shahidi anaulizwa maswali, basi.

Hata mtu asipomwamini jaji, zipo njia za wazi. Septemba 2021, kwenye kesi ya Freeman Mbowe na wenzake, washtakiwa walisema mahakamani kwamba hawana imani na Jaji Elinaza Luvanda, naye akajitoa. Lilisemwa mbele ya pande zote na uamuzi ukatolewa mbele ya pande zote. Hakuna aliyepenyeza bahasha.

Mchangiaji, Mangaka

Wakili wangu, ungetuambia na hicho kiapo kinagharimu shilingi ngapi kukiandaa kwa mtu wa huku Nanyumbu, mwezi wa nne, korosho zimeshauzwa na hela imeshaisha. Mimi sina zaidi.

Mama, Nachingwea

Naomba mnisikilize na mimi ambaye nilikuwa upande wa pili. Kwetu aliyeumizwa ni mtoto wa dada yangu, mwanafunzi. Kesi ilipoanza kusikilizwa wazee wa ukoo wa yule kijana wakaandika barua kwa hakimu, wakaweka saini saba, kwamba suala limemalizwa nyumbani, pande mbili zimepatana, kesi ifutwe. Pande mbili zipi? Dada yangu hakukaa kikao chochote. Jina lake waliliandika wao na saini wakamwekea wao.

Sasa wewe kaka wa Mtwara unasema barua zipokelewe. Ukifungua huo mlango, hizi ndizo zitakazojaa. Huku kwetu mtoto akipewa mimba watu wanakimbilia kuhesabu mbuzi na magunia, na barua ya kumwambia hakimu "tumeyamaliza" ndiyo hatua ya mwisho ya biashara hiyo. Mama wa Masasi namwonea uchungu. Lakini barua yake na ya wale wazee zinapita dirisha lilelile.

Karani mstaafu, Lindi

Wanangu, nimekaa masjala miaka mingi, niruhusuni niwapunguzie kelele.

Barua haijawahi kukoma kuja. Zinakuja kwa mkono, kwa posta, kupitia mkuu wa gereza. Anayefungwa gereza la Lilungu, Mtwara, akitaka kukata rufaa Mahakama Kuu anatoa notisi ya kusudio ndani ya siku 10, halafu sababu zake za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Sheria inamruhusu kuzikabidhi kwa mkuu wa gereza, zinapelekwa mahakamani. Nyingi zinaandikwa na mfungwa mwenzake anayejua kalamu, na ukiisoma unaona ni barua: "Mheshimiwa Jaji, mimi niliyefungwa naomba unisikilize." Inapokelewa, inapewa namba, inasikilizwa. Kwa hiyo anayesema karatasi ya mtu asiye na wakili haina mahali mahakamani, nadhani hajawahi kukaa masjala.

Jambo la pili watu hawalijui. Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuita jalada la mahakama ya chini na kulipitia, na sheria haisemi lazima kuwe na maombi rasmi. Inatosha jambo limefika kwenye ufahamu wake kwa namna yoyote. Nimeona majalada yakiitwa kwa sababu tu ya barua ya malalamiko kwa Jaji Mfawidhi, yaani jaji msimamizi wa kituo. Karatasi moja kama ya huyo mama.

Ila mama wa Nachingwea hajakosea. Barua ya "tumepatana" haina nguvu yoyote kwenye kosa la kubaka. Mwenye mashtaka ni Jamhuri, na wa kuyaondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, siyo wazee wa ukoo na wala siyo hakimu.

Mwanzisha mada

Mama wa Nachingwea, pole sana. Lakini hebu fikiria barua ile ingesomwa kwa sauti siku ileile, wakili wa Serikali akiwepo na dada yako akiwepo. Angesimama palepale akasema saini si yake. Wale wazee saba wangekuwa na maswali ya kujibu kuhusu kughushi. Kilichowapa jeuri ni kudhani hakimu ataisoma peke yake ofisini.

Kwa wakili: nakubali barua isiguse ushahidi. Ya mama haikugusa. Ilihusu dawa na tarehe, na mambo hayo hayahitaji shahidi kuulizwa maswali. Yanahitaji mtu wa kuuliza tu. Tangu marekebisho ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, Kiingereza kinabaki pale haki inapokihitaji. Tulishangilia tukisema mwananchi sasa atasema na mahakama yake. Ndiyo huyu amekuja, ameandika Kiswahili, amerudishiwa karatasi.

Wakili, Mtwara Mjini

Umeanza kuwa mkweli sasa. Nami nasogea kidogo: suala la afya ya mahabusu lisisubiri kiapo. Bado hujajibu swali langu moja. Nani anachambua ipi ni ya dawa na ipi ni ya "mtaa mzima unajua"? Ukimwachia karani umempa madaraka ya hakimu. Ukimwachia hakimu, ameshaisoma.

Karani mstaafu, Lindi

Mheshimiwa, ndiyo maana kuna hakimu mfawidhi, msimamizi wa mahakama, na kama siye anayesikiliza shauri hilo, aisome yeye. Ya dawa inakwenda kwa mkuu wa gereza leo hii. Ya kucheleweshwa inawekwa kwenye jalada na nakala inakwenda kwa Jamhuri. Yenye maneno ya ushahidi inarudishwa kwa mwandishi na barua ya kumweleza aende kwa mpelelezi au asubiri kuitwa shahidi, na nakala ya jibu hilo inabaki. Tatizo ni mahakama zenye hakimu mmoja tu. Hapo hata mimi nilikuwa nasita.

Wakili, Mtwara Mjini

Na Kusini nyingi ndizo hizo.

Mwanzisha mada

Basi kwa hizo ipelekwe kwa mfawidhi wa wilaya jirani. Bahasha ya Masasi kufika Newala ni suala la basi moja.

Mama, Nachingwea

Mkishakubaliana, andikeni pia kwamba familia ya aliyeumizwa ipewe nakala. Siyo Jamhuri peke yake. Sisi barua ile tuliisikia kwa majirani.