Skid Row bila Sebastian Bach: bado ni Skid Row au limebaki jina tu?

MzeeWaKaseti
Wakuu, swali moja tu. Mwimbaji Erik Grönwall kaondoka Skid Row, ile bendi ya roki ya Marekani, Machi hii ya 2024, kasema afya kwanza. Mtu aliyepandikizwa uboho kwa ajili ya saratani ya damu humbishii. Lzzy Hale wa bendi ya Halestorm kawashikia maonyesho manne, akarudi kwake. Kiti kiko wazi. Sebastian Bach, mwimbaji wao wa enzi zile aliyetoka 1996, yupo, anaimba, Mei katoa albamu. Kwa nini wenye bendi, Rachel Bolan wa besi na Snake Sabo wa gitaa, wasimpigie simu? Miaka 28 wamenuniana! Kesi ya shamba la babu yangu ilianza baada ya hapo na imeshaisha.
Msimamo wangu: bila Bach hakuna Skid Row. Waliofuata wote, kuanzia yule Solinger aliyechukua nafasi yake, ni waimbaji wa harusini.

Msukuma_Besi
Mzee, bendi ilianza 1986 kule Toms River, New Jersey, na mwimbaji alikuwa Matt Fallon. Bach kaja baadaye. Halafu angalia nani katunga "18 and Life", "I Remember You" na "Youth Gone Wild". Zote tatu Bolan na Sabo. Sasa mpangaji akiwa na sauti nzuri ndiyo anakuwa mwenye nyumba?

Foleni_ya_Bia
Waimbaji wa HARUSINI? Wewe Solinger ulimwona wapi, kwenye simu?
Mimi nilimwona. Mwaka 2000 nilikuwa mwanafunzi Marekani, bendi ya KISS wako kwenye ziara ya kuaga (kuaga kwao mnakujua), Ted Nugent katikati, Skid Row wanafungua. Jua halijazama. Nusu ya watu bado wanatafuta pa kuegesha, nusu tuko foleni ya bia. Yule Mtexas akaimbia viti vitupu kama vile uwanja umefurika. Ilipofika "18 and Life", mlinzi mmoja mnene aliyekuwa ameegemea uzio, uso kama wa mtu anayedaiwa, akaanza kupiga mguu. Nikaacha foleni nikasogea mbele. Solinger kashika bendi ile miaka 15, muda mrefu kuliko huyo Bach wenu. Kafa 2021 na miaka 55 tu. Tumheshimu.

MzeeWaKaseti
Sijamtukana marehemu, usinitilie maneno mdomoni. Nimesema sauti. Kaseti yangu ya kwanza kaileta binamu baharia, 1990, Mombasa. Ile sauti ya juu mwishoni mwa "I Remember You", baada ya solo ya gitaa, niliirudisha kwa kalamu mpaka utepe ukaanza kukunjika pale pale. Mpaka leo ile kaseti ikifika hapo inalia kama mbuzi. Niletee Solinger mwenye sehemu kama hiyo.

Dada_Ampli
Samahani nacheka peke yangu kwenye daladala. Mzee, unajua Bach mwenyewe aligunduliwa wapi? HARUSINI. 1987, harusi ya Mark Weiss, yule mpiga picha wa bendi za roki. Kijana kapanda kuimba, wazazi wa Jon Bon Jovi walikuwepo, na Bon Jovi na Sabo ni marafiki wa utotoni. Habari ikafika. Kwa hiyo ukisema "waimbaji wa harusini", unamtaja wa kwanza.

NyukiMweusi
😂😂😂 Mzee funga uzi.

KinandaSafi
Mimi huwa nasoma tu humu, leo nimeguswa. Kwani kuimba harusini ni tusi? Nalipa ada ya watoto wawili kwa harusi. Jumamosi iliyopita nimepiga kinanda kuanzia saa moja jioni mpaka saa nane usiku, sahani ya pilau naiona kwa mbali. MC ananinong'oneza "ongeza raha". Shangazi wa bwana harusi kaja kumnyang'anya mwimbaji wetu maiki, kavuta waya, spika moja imekata. Tukaendelea na iliyobaki, na watu wakacheza. Huyo Mmarekani wenu angeweza?

Msukuma_Besi
Bach si mzaliwa wa Marekani. Kazaliwa Bahamas, kakulia Peterborough, Ontario. Halafu hakuna aliyejibu hoja yangu ya watunzi.

NyukiMweusi
Bach angemrushia shangazi chupa. Si aliwahi kumuua shabiki kwa chupa?

Dada_Ampli
Hakumuua, kaka, tusizidishe. Desemba 1989, Springfield, Massachusetts, wanafungulia Aerosmith. Mtu kamrushia chupa, naye kairudisha kwa hasira, ikampiga binti ambaye hakuhusika kabisa. Kisha kajirusha mwenyewe kwenye umati kutafuta ugomvi. Alikamatwa. Mimi sauti yake naipenda, lakini kila nikisoma "wamrudishe" namkumbuka yule binti. Kalipa tiketi yake, kasimama mbele na anaowapenda, karudi nyumbani na uso umeumia. Naelewa kwa nini Bolan hapokei simu.

MzeeWaKaseti
Miaka 35 hiyo! Alikuwa kijana wa miaka 21! Wewe ulipokuwa na miaka 21 ulikuwa sista?

Dada_Ampli
Nilikuwa na adabu, kaka yangu, na hiyo haina umri.

Foleni_ya_Bia
Mnajua kilichowatenganisha? Kisa anachosimulia Bach: 1996 KISS wamerudi na rangi zao usoni, Skid Row wapewe nafasi ya kufungua, wenzake wakasema wao ni wakubwa mno kufungulia mtu. Kamwachia mwenzake ujumbe mkali kwenye simu, ndoa ikavunjika. Miaka minne baadaye wanamfungulia nani? KISS. Saa kumi na moja jioni. Viti vitupu. Nilikuwepo.

Mla_Urojo
Nimechelewa. Mnagombania bendi ya wanaume wanaopulizia nywele spreyi? Glamu si metali, ni saluni.

Msukuma_Besi
Nywele walikuwa nazo, sikatai. Lakini albamu yao "Slave to the Grind" ya 1991 iliingia namba moja kwenye chati ya Billboard wiki ya kwanza, na hakuna saluni inayotoa kelele ile. Halafu WATUNZI, jamani.

Mla_Urojo
Sawa, lakini huu ubishi wa mwimbaji na bendi sisi tulishaumaliza. Mwimbaji Bitchuka alipotoka Juwata, yaani Msondo, kwenda bendi ya Mlimani Park, Msondo ilikufa? Haikufa. Watu walilia, wakanunua bia, wakacheza.

MzeeWaKaseti
Usilinganishe. Msondo walikuwa na waimbaji mstari mzima. Skid Row mbele ni mmoja, akiondoka unabaki na wapiga gitaa wanaotazamana.

NyukiMweusi
Na ZP Theart je? Kaingia kuimba Skid Row 2016, mzaliwa wa Afrika Kusini, uzi mzima umejaa Waafrika na hakuna aliyemtaja.

Foleni_ya_Bia
Ukimtaja Mzee atasema naye wa harusini.

MzeeWaKaseti
Nafuta neno "harusini". Andikeni kwamba nimefuta. Turudi kwenye swali: wampigie simu au wasimpigie?

KinandaSafi
Kabla hamjarudi, nina shida ya kweli. Bibi harusi wa Jumamosi hii kakulia Kanada, kaomba "I Remember You" wakati wa kukata keki. Gitaa la mwanzo nimelipata. Ile ya juu ya mwishoni mwimbaji wetu kajaribu jana mara tatu, kakohoa mpaka kapewa maji. Nifanyeje?

Dada_Ampli
Shangazi mwenye waya atakuwepo?

KinandaSafi
Ukoo ni ule ule. Atakuwepo.

Dada_Ampli
Ikifika hapo mpe maiki.